Kosa Lenye Mama Mmoja

Mwalimu Kunegunda Ngonyani hakununua maharage bila kuingiza mkono mpaka chini ya gunia. Wauza nafaka wa Bombambili walishamzoea. Walipomwona anakuja, amevaa sweta juu ya kitenge, walijisogeza pembeni wakamwachia gunia, kwa sababu walijua neno litakalofuata: "Hebu nione." Alitaka kuyaona ya chini, kama yanafanana na ya juu. Yakifanana, alinunua bila kubishania bei. Yasipofanana, alijikung'uta vumbi mkononi akaenda kwa mwingine, na pale hakurudi msimu mzima. Ndiyo maana wengi sokoni hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Mama Hebu Nione, na yeye alijua.

Hakuwa mtu mbaya. Jirani akifiwa, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika, na sufuria yake kubwa ilizunguka misiba yote ya mtaa. Lakini hata msibani aliionja mboga kabla ya kumwamini mpishi.

Alifundisha hisabati katika shule za serikali mpaka akastaafu, kisha akaajiriwa kuwa mwalimu wa taaluma kwenye kituo chetu cha masomo, ambako vijana na watu wazima walijiandaa kufanya mtihani wa kidato cha sita kama watahiniwa binafsi. Mimi nilikuwa karani wa kituo. Meza yangu ilitazamana na yake, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe, na mengine alinisimulia baadaye, polepole, kama mtu anayetoa miiba mguuni.

Shuku yake ilikuwa na chanzo. Zamani, katika shule moja ya mbali, mtihani alioutunga ulivuja. Ilikuja kujulikana kwamba karatasi zilizoharibika wakati wa kuchapa ziliokotwa kwenye kapu la takataka, na aliyeziokota alikuwa rafiki yake, mwanamke aliyekuwa akila naye sahani moja. Kabla hayo hayajajulikana, aliyehojiwa na kuitwa mwizi mbele ya walimu wenzake alikuwa Kunegunda. Tangu hapo hakuwa na kapu la takataka. Mtihani aliuchapa mwenyewe, akautoa nakala mwenyewe, na karatasi zilizoharibika alizipeleka kwa mama lishe jirani akazitia motoni kwa mkono wake, akasimama mpaka ziwe majivu.

Msimu ule wa baridi, ukungu ulipokuwa ukishuka kutoka Matogoro mpaka kwenye paa zetu, tulifanya mtihani wa majaribio. Kunegunda alisahihisha peke yake. Swali la tisa lilikuwa hili: tafuta majibu yote ya 2 sin²x = sin x, x ikiwa kuanzia nyuzi 0 mpaka nyuzi 360, mwanzo na mwisho zikiwemo.

Alikuwa ameliweka kama mtego wa panya. Mwanafunzi mwenye haraka hugawanya pande zote kwa sin x, akabakiwa na sin x sawa na nusu, akaandika nyuzi 30 na nyuzi 150, akafurahi. Hajui kwamba alipogawanya amefagia nje majibu yote ambayo sin x yake ni sifuri. "Usigawanye kwa kitu ambacho hujachungulia ndani yake," Kunegunda alizoea kuwaambia wanafunzi. "Huenda ndani hamna kitu." Anayejua huhamishia kila kitu upande mmoja, akatoa sin x nje ya mabano, akapata njia mbili badala ya moja. Majibu yakitimia huwa 0, 30, 150, 180 na 360.

Kundi la asubuhi, lililofundishwa na Mwalimu Leonce, lilinaswa kila mtu kwa mguu wake. Wapo waliogawanya. Wapo waliosahau 150. Mmoja aliandika 210, haijulikani aliitoa wapi. Kunegunda aliweka alama zake za makosa kwa wino mwekundu bila kushangaa. Hayo ndiyo makosa ya watu.

Kundi la jioni lilifundishwa na Mwalimu Kajetani Mapunda. Hakuna aliyegawanya. Wote walihamisha, wote walitoa sin x nje ya mabano, wote waliandika 0, 30, 150, 180, wakaweka nukta. Hakuna hata mmoja aliyeandika 360.

Nilimwona Kunegunda akiacha kalamu. Akazipanga upya karatasi za kundi la jioni, akazisoma kuanzia ya mwisho. Kisha akazitia kwenye droo yake, akafunga kwa ufunguo, na ufunguo akauweka mahali alipouweka siku zote, ndani ya soksi.

"Jibu sahihi linaweza kufanana kwa watu mia," aliniambia, "maana ukweli ni mmoja. Kosa likifanana, lina mama mmoja. Mtafute huyo mama."

Kwake mama huyo alikuwa ameshapatikana nusu. Mtu fulani alikuwa ameuona mtihani mapema, akautatua kwa haraka, akasahau 360, akawagawia wenzake. Na nani aliuona mtihani? Alikumbuka kwamba siku ya kutoa nakala, mashine ilimeza karatasi ikakwama. Kunegunda alihangaika nayo, na Kajetani, aliyekuwa akipita, alifungua kifuniko, akaivuta ile karatasi iliyojikunja, akampa, akaenda kunawa wino mweusi mikononi. Kunegunda aliichoma. Lakini sasa alijiuliza: Kajetani aliivuta yote? Kipande kingine hakikubaki kwenye kiganja?

Nilisema kwamba nilikuwepo na sikuona kipande. Akaniuliza kwa upole mimi nilikuwa nikitazama wapi wakati huo. Nikainamia mafaili yangu.

Alikwenda kwa mwenye kituo, Mzee Saimon Mbano. Mzee Saimon hakupenda kelele wala aibu. Alisema kama jambo hili ni kweli, Kajetani ataondoka, na shule yoyote itakayouliza sababu ataiambia. Mkataba wa Kajetani ulikuwa unaisha muhula huo, na wa pili ulikuwa umeshachapwa ukisubiri saini. Yeye alikuwa mtoto wa wakulima wa upande wa Hanga, aliyesomeshwa kwa tumbaku na mahindi ya baba yake. Alimaliza chuo kikuu, akasubiri ajira ya serikali mpaka akachoka kuisubiri. Kila mtu pale ofisini alielewa kwamba mwalimu aliyefukuzwa kwa kuvujisha mtihani haajiriwi tena popote Ruvuma. Angerudi kuchochea moto wa kukaushia tumbaku, na digrii yake ingebaki kwenye bahasha.

Kunegunda ndiye aliyeomba muda. Alisema mtu hafukuzwi kwa harufu. Kwanza auone moshi unatoka wapi.

Alikuwa amesikia kwamba Jumamosi wanafunzi wa jioni hukusanyika kwa Bakili, fundi baiskeli, ambaye Kajetani alipanga chumba uani kwake. Basi Jumamosi akajifunika khanga kichwani, akaenda kukaa kwa muuza vitumbua, ng'ambo ya barabara. Aliagiza chai, akaishika mpaka ikapoa.

Aliyoyaona yalimtia hofu zaidi. Baiskeli ilikuwa imepinduliwa, magurudumu juu. Kajetani amechuchumaa kando yake, akilizungusha gurudumu la mbele polepole kwa kidole. Akalisimamisha. Wanafunzi wakainama, wakaandika. Akalizungusha tena kidogo, akalisimamisha, wakaandika tena. Hakuna aliyeinua sauti. Bakili mwenyewe alikuwa akiziba pancha pembeni, kama mtu asiyehusika.

Jumatatu aliponieleza, alikuwa ameshapata maana yake. Gurudumu linaposimama ni ishara, na kila ishara ni jibu. Anayefundisha kitu halali hukifundisha ubaoni, kwenye taa, mlango ukiwa wazi. Hawa kwa nini wajifiche nyuma ya baiskeli?

Kajetani aliitwa ofisini siku hiyohiyo. Aliingia akiwa na chaki mkononi, akampa shikamoo Mzee Saimon, akampa na Kunegunda. Mimi aliniinamishia kichwa. Kunegunda alianza bila kumkaribisha kiti.

"Kule kwa Bakili unawafanyia nini wanafunzi?"

"Nawafundisha, Mwalimu."

"Kwa baiskeli?"

"Kwa baiskeli."

"Ubao wa kituo una ugonjwa gani?"

"Ubao hauzunguki," alisema Kajetani.

Mzee Saimon alikohoa, nadhani ili asicheke. Kunegunda hakucheka. Alimwambia kwamba kundi lake lote lina kosa moja katika swali moja, sawasawa, na kwamba jambo kama hilo haliji kwa bahati. Kajetani aliuliza ni swali gani, akaomba azione karatasi. Kunegunda aliweka kiganja juu ya droo.

"Nikikuonyesha, utatengeneza maelezo ya kulifaa."

"Mama, unanishtaki kwa kitu ambacho hutaki nikione."

"Nimeshatajwa mwizi mimi, kijana. Najua mtu anavyojieleza akipewa nafasi ya kutazama kwanza."

Kajetani aliiweka chaki mezani. Kisha akasema kama angeiba mtihani, asingekuwa na sababu ya kuwagawia wanafunzi wake kosa. Kunegunda akamjibu kwamba mwizi wa ghala huacha debe moja ili ghala lionekane halikuguswa. Hapo nilimwona Kajetani akikata tamaa. Alisema jambo moja tu kabla ya kutoka, na alilisema akiwa ameshika kitasa cha mlango: mtu akitafutwa uovu, utaonekana hata kwenye salamu yake.

Habari kama hizo hazihitaji mtu wa kuzipeleka. Kufikia saa ya chai kituo kizima kilikuwa kinajua. Walimu wawili walihamisha vikombe vyao kutoka kwenye benchi alilokaa. Leonce, ambaye kundi lake lilikuwa limefanya vibaya na sasa likaonekana safi, alimwambia Kajetani kwamba akiondoka watamsindikiza mpaka stendi, ila tu awaachie ile baiskeli. Watu walicheka. Kajetani alimaliza chai yake, akasuuza kikombe, akaenda darasani.

Kunegunda hakufurahia vicheko vile. Alinong'ona kwamba anayecheka haraka naye huwa na lake. Kwa siku kadhaa alimtazama Leonce kwa jicho lilelile.

Ijumaa akaamua kupima. Alisema atalipatia kundi la jioni swali jipya, ambalo hajaliandika popote, atakalolitunga akiwa amesimama mbele yao na chaki. Swali lisiloandikwa haliibwi. Kama walikuwa wanaelewa kweli, watapata, au kila mmoja atakosea kivyake. Kama walilishwa, watakwama. Kajetani aliketishwa ofisini na Mzee Saimon. Mimi niliambiwa nifunge madirisha, ingawa mengine hayakuwa na vioo vya kufunga.

Alisimama, akafikiri, akaandika: cos²x = cos x, kuanzia nyuzi 0 mpaka nyuzi 360, zote zikiwemo. Majibu yake ni 0, 90, 270 na 360. Alitembea kati ya madawati mpaka walipomaliza. Nilikusanya karatasi, yeye akazipokea mlangoni akazisoma palepale.

0, 90, 270. Nukta. Inayofuata, 0, 90, 270. Nukta. Zote.

Aligeuka akatazama dirisha. Akatazama mlango. Kisha akanitazama mimi, na ingawa sikuwa nimefanya chochote, nilitazama chini. Swali lilikuwa na umri mdogo kuliko chai iliyokuwa mezani kwake, na bado kosa lilikuwa lilelile, la mama yuleyule.

"Devota," aliita. "Simama."

Devota Komba alikuwa mwanamke mzima, muuza dagaa wa Nyasa pale sokoni, mwenye watoto watatu na ulimi usioogopa ofisi. Alisimama.

"Mia tatu na sitini iko wapi?"

"Ipi, Mwalimu?"

"Ya mwisho. Swali limesema mpaka mia tatu na sitini."

"Si tumeshaiandika? Ile sifuri ndiyo hiyohiyo. Imezunguka, imerudi nyumbani." Devota akachora duara hewani kwa kidole. "Mimi nikitoka asubuhi nikarudi jioni, mume wangu hahesabu wake wawili."

Darasa likaangua kicheko. Kunegunda alibaki amesimama na zile karatasi kifuani. Alimwuliza Devota hilo la kurudi nyumbani amelitoa wapi. Devota akasema kwenye gurudumu, kwani kwingine wapi? Wote wamelitoa kwenye gurudumu.

Kunegunda aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Hebu nione," alisema.

Kesho yake, Jumamosi, alifungua droo, akazichukua karatasi zote, akanitaka niende naye. Bado hakuwa ameamini. Njiani aliniambia kwamba kama ni mchezo umepangwa vizuri, na kwamba watu waliopanga vizuri huwa na majibu ya kuchekesha kama lile la Devota.

Bakili alituona kwa mbali akajifuta mikono yake ya grisi.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu sana. Juma lililopita ulikuwa upande ule wa vitumbua, leo umevuka barabara."

"Marahaba," alisema Kunegunda, akazihamishia karatasi kwenye mkono mwingine.

Kajetani alikuwepo, na Devota, na baadhi ya wanafunzi wengine. Kajetani hakusema neno la karibu. Alivuta kiti, akakipangusa, akarudi kuchuchumaa kwenye baiskeli yake. Gurudumu la mbele lilikuwa na kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye spoki, karibu kabisa na ringi. Mbele ya gurudumu ulivutwa uzi kati ya vijiti viwili, ukapita usawa wa kitovu. Kwa kuwa Kajetani hakutaka kuongea, Devota ndiye aliyeeleza. Kitambaa kikiwa kulia, kwenye uzi, ni nyuzi 0. Kinapopanda, urefu wake juu ya uzi ndiyo sine. Kikifika juu kabisa ni nyuzi 90, kikishuka kushoto mpaka kwenye uzi ni 180, kikienda chini ya uzi sine imeingia upande wa kutoa. Umbali wake kulia au kushoto mwa kitovu ndiyo cosine. Ukitaka sine iwe nusu, unazungusha mpaka kitambaa kiwe nusu ya urefu kutoka kwenye uzi mpaka juu kabisa. Hapo kuna mahali pawili tu, kulia na kushoto. Ndiyo sababu hawakusahau 150. Ukitaka sine iwe sifuri, unatafuta mahali kitambaa kinapougusa uzi: kulia na kushoto.

"Na baada ya hapo?" aliuliza Kunegunda.

"Baada ya hapo kinarudi kulia. Tulishakiandika."

Kunegunda alilizungusha mwenyewe. Alilizungusha taratibu, mzunguko mmoja, akalisimamisha kitambaa kikiwa kwenye uzi. Akarudia. Kisha akatoa karatasi moja kutoka kwenye rundo, ya swali la tisa, akamnyooshea Kajetani.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona kile alichoshtakiwa nacho. Aliisoma, akasimama. Akaomba nyingine, akapewa. Akaomba ya tatu, akaweka kiganja kwenye paji la uso.

"Hili nimelifundisha mimi," alisema. "Maswali yangu yote ya mazoezi yalikuwa ya nusu na nusu. Sikuwahi kuwapa swali linalogusa mlangoni, mwanzo na mwisho. Mwalimu, ungenionyesha siku ile ile..."

Hakumaliza. Kunegunda naye hakumsaidia kumaliza. Alikuwa ameinama, akitazama kitambaa.

Kajetani alianza kufungua uzi kwenye vijiti. Alisema hatalitumia tena gurudumu, atarudi ubaoni kama watu wengine, kwa kuwa limewaponza. Kunegunda akamwambia auache uzi. Akamgeukia Bakili.

"Hii baiskeli inatembea?"

"Inatembea, Mwalimu. Kwani ilikuja hapa kufa?"

"Ipindue. Ishushe chini."

Wakaipindua, ikasimama kwa magurudumu yake kwenye udongo wa ua. Kunegunda akaisogeza mpaka kitambaa kikawa mbele, usawa wa kitovu. Akavua kiatu kimoja, akachora mstari kwa kidole cha mguu pale gurudumu lilipogusa ardhi. Kisha akaisukuma baiskeli mbele taratibu, sisi wote tukitazama kitambaa, kikageuka na kuzunguka mpaka kikarudi kilipokuwa. Akasimama. Akachora mstari mwingine.

"Devota. Kitambaa kimerudi nyumbani?"

"Kimerudi."

"Na baiskeli?"

Devota aliutazama mstari wa kwanza, nyuma kule, na wa pili miguuni pake.

"Baiskeli haijarudi," alisema. "Iko mbele."

"Basi sifuri ni mstari ule, na mia tatu na sitini ni mstari huu. Ukiulizwa ni wapi barabarani kitambaa kimekaa hivi, utasema mahali pamoja au pawili?"

"Pawili. Kama barabara imeruhusiwa kufika hapo."

"Kama imeruhusiwa," Kunegunda alirudia, na sauti yake ililainika. "Ndiyo. Hilo lishuku kila mara."

Kajetani alikuwa anatazama ile mistari miwili. Nadhani alitaka kutabasamu lakini hasira ilikuwa bado haijamwisha. Alimwambia Bakili aiache baiskeli chini.

Jumatatu Mzee Saimon alielezwa. Alielewa habari ya baiskeli kwa shida, lakini alielewa vizuri kwamba maneno yalishaenea. Akasema atafanya hivi: mkataba hatautia saini wala hatauchana. Mtihani wa pili wa majaribio ulikuwa karibu. Kundi la jioni likifanya bila kutiliwa shaka, Kajetani atabaki. Likitiliwa shaka tena, hata kidogo, ataondoka, baiskeli au si baiskeli. Kajetani alikubali kwa kuwa hakuwa na la kufanya.

Kunegunda akaenda kutunga. Na baada ya kutunga alifanya jambo ambalo sikutegemea kuliona. Alimwita Kajetani mezani kwake, akampa mtihani mzima kabla haujatolewa nakala, aupitie kama kuna makosa. Kisha akakaa mbele yake, mikono imekunjwa, akamtazama usoni anavyosoma.

Nilijua anachofanya, na nadhani Kajetani naye alijua. Alikuwa ameweka mkono chini ya gunia.

Swali la tisa safari hii lilikuwa sin²x = sin x. Lakini mpaka wake ulikuwa umebadilika: kuanzia nyuzi 0, ikiwemo, mpaka chini ya nyuzi 360, yenyewe isiwemo. Alama ya mwisho ilikosa ule mstari mdogo wa chini unaosema "au sawa na". Wanafunzi ambao sasa walikuwa wameimba 360 juma zima wangeiandika tena kwa furaha, na wangekosa. Majibu yalikuwa 0, 90 na 180, basi.

Kajetani alifika kwenye swali lile, kidole chake kikasimama juu ya ile alama.

"Bado unatushuku," alisema.

"Nawashuku wote. Na mimi mwenyewe, ndiyo maana nimekupa usome."

Kajetani alimrudishia karatasi, akasema hakuna makosa, akatoka. Mpaka siku ya mtihani alifundisha jioni zote, na neno moja tu la midomo yake lingetosha: tazameni alama ya mwisho. Kunegunda alinituma mara mbili kupita karibu na dirisha la darasa lake. Nilimsikia akifundisha mambo mengine kabisa. Sikumsikia akigusa mpaka wa swali, na nilimwambia hivyo, na nadhani aliniamini nusu.

Mtihani ulifanyika. Alisahihisha peke yake, mlango umefungwa, mimi nikiwa nje kwenye benchi, na Kajetani amesimama uani akijifanya anatazama ukungu. Ilichukua muda mrefu. Alipofungua, alikuwa ameshika karatasi za kundi la jioni kwa mikono miwili.

Mmoja aliandika 360 kwa mazoea. Mwingine alisahau 90. Mwingine aliandika 270, akaikata, akairudisha tena. Devota aliandika 0, 90, 180, na kando akachora mstari mdogo wa barabara na jiwe mwishoni, kuonyesha kwamba hapo hapapitiki. Hakuna karatasi mbili zilizofanana, ila zile chache zilizopata.

Aliingia kwa Mzee Saimon, nami nikafuata na faili.

"Mpe mkataba wake," alisema.

Mzee Saimon aliuliza kama ana hakika.

"Hakika sina. Lakini safari hii kila kosa lina mama yake."

Kajetani aliitwa. Mzee Saimon akausogeza mkataba mezani, akaukunjua ukurasa wa mwisho penye mahali pa saini, akampa kalamu. Kajetani hakuipokea. Alimtazama Mzee Saimon, akamtazama Kunegunda aliyesimama karibu na kabati, akaurudisha mkataba kwenye ukurasa wa kwanza, akavuta kiti akakaa.

"Hebu nione," alisema, akaanza kusoma kutoka juu.

Kunegunda alitoka nje haraka. Nilipomfuata nilimkuta amejishikilia nguzo ya baraza, mabega yanatikisika, amejiziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Tangu nimjue, sikuwahi kumwona anacheka.